Nimechanja ndama wakiwa na wiki moja na bado wameharisha wakafa, chanjo feki au mimi ndo nimekosea?

Zizi_Jipya:
Habari za saa hizi wakuu. Naenda moja kwa moja maana kichwa kinaniuma. Nina ng'ombe sita wa maziwa, safari hii wamezaa wanne ndani ya mwezi na nusu. Ndama wawili nimezika, wa tatu aliponea kwenye dripu ila mpaka leo manyoya yamesimama tu hakui, wa nne ndo mzima kabisa anarukaruka mpaka kero.

Wa kwanza alikufa ana siku 9, aliharisha majimaji ya njano siku mbili tu macho yakadidimia akaenda. Nikasema hili kosa silirudii, nikanunua chanjo, kila anayezaliwa akifika wiki moja namchoma. Aliyeniuzia akaniambia ukichanja mapema kinga inakomaa mapema nikaona ina mantiki. Sasa wa pili siku nne tu baada ya sindano akaanza kuhara vile vile kama mwenzie akafa, wa tatu akafuata ndo huyo wa dripu. Wa nne nae nilimchanja hivyo hivyo, hana hata mafua.

Kwahiyo naomba kujua, chanjo ilikuwa feki? Au ndama wa wiki moja hachanjwi? Na huyu mzima nimrudie au nimuache? Nimechoka kuchimba mashimo jamani.

Kiboko_ya_Kupe:
Feki hiyo mkuu wala usiumize kichwa. Siku hizi kila kitu kinachakachuliwa. Badilisha unaponunua.

DaktariWaZizi:
Pole sana ndugu, kupoteza ndama wawili sio mchezo. Ila tusikimbilie feki kwanza. Nijibu haya: chupa imeandikwa chanjo ya ugonjwa gani? Ndama walipata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama akishazaa, saa ngapi baada ya kuzaliwa na kiasi gani, usiniambie "walinyonya", nataka lita. Na huyo mzima kuna kitu mlimfanyia tofauti na wenzie?

Zizi_Jipya:
Asante dokta. Chupa nimeitafuta nimeipata, imeandikwa chambavu. Dang'a kusema ukweli sijawahi kupima, wale watatu walizaliwa usiku, asubuhi tunakuta ndama kasimama tunajua kashanyonya. Mmoja mama yake ni mzee kiwele kinaning'inia chini sana, tulimkuta anatafuta chuchu huku juu karibu na miguu ya mbele, tukamsaidia kama saa nne asubuhi ivi. Huyu mzima alizaliwa mchana mbele yangu, mama yake ni mtamba ndo uzao wake wa kwanza alikuwa anapiga mateke hamtaki mtoto, ikabidi nimkamue nimpe ndama kwa chupa pale pale, akamaliza chupa mbili za lita moja na nusu, jioni tukampa nyingine. Sikujua kama ni kitu cha maana.

DaktariWaZizi:
Sasa hapo mwisho ushajijibu mwenyewe. Ngoja nieleze kwa kirefu kidogo maana hili swali nakutana nalo kila msimu wa kuzaa.

Mtoto wa binadamu anazaliwa tayari ana kingamwili za mama yake kwenye damu, zimepita kwenye kondo la nyuma. Ng'ombe hapana. Kondo la ng'ombe lina tabaka nyingi kati ya damu ya mama na ya mtoto na kingamwili hazipenyi, kwahiyo ndama anatoka tumboni damu yake karibu haina kingamwili kabisa. Sio kwamba hana mfumo wa kinga, chembe nyeupe anazo, ila ni kama askari wapya waliofika kambini leo, hawajawahi kumuona adui na bunduki hawajagawiwa. Bunduki zote ziko kwenye kiwele cha mama, ambaye ameanza kuzihamishia huko wiki nne tano za mwisho za mimba. Hiyo ndo dang'a. Hii sio habari mpya wala nadharia yangu, Theobald Smith na Ralph Little walionyesha tangu mwaka 1922 kwamba ndama akinyimwa dang'a anakufa kwa vijidudu ambavyo mwenzie aliyeipata anaishi navyo tu.

Sasa utumbo wa ndama mchanga uko kama mlango ulioachwa wazi. Kingamwili ni protini kubwa, kwa kawaida tumbo lingezimeng'enya kama chakula kingine, lakini masaa hayo ya kwanza zinapita nzima nzima mpaka kwenye damu. Mlango unaanza kujifunga tangu anapozaliwa. Masaa 6 ushapungua sana, masaa 12 umebaki upenyo, masaa 24 basi. Baada ya hapo hata umpe ndoo nzima itamsaidia kidogo ndani ya utumbo lakini kwenye damu haiingii tena. Na mlango haubagui, ndama akilamba mavi au chuchu chafu kabla ya dang'a, bakteria nao wanapita hapo hapo.

Kiasi: chukua asilimia 10 ya uzito wake. Ndama wa kilo 40 ni lita 4, ndani ya masaa mawili ya kwanza ikiwezekana, yasipite sita kabisa, halafu lita 2 nyingine kabla ya masaa 12 kwisha. Ndama wa ng'ombe wa maziwa akiachwa anyonye mwenyewe wengi hawafikishi, na hasa huyo wa mama mwenye kiwele cha chini, ndama kwa asili yake anatafuta chuchu juu, chuchu ziko karibu na ardhi, anazunguka mpaka anachoka analala. Wako kakutwa asubuhi, kasaidiwa saa nne, hesabu mwenyewe mlango ulikuwa umebaki kiasi gani.

Tuje kwenye chanjo. Chambavu ni bakteria wa kwenye udongo anayeozesha misuli, na mara nyingi anachukua wanyama wa miezi 6 mpaka miaka 2, tena wale walionona. Kuhara kwa siku 9 ni kitu kingine kabisa, siku nne za mwanzo mara nyingi ni bakteria E. koli wa aina ya K99, kuanzia siku ya tano mpaka wiki ya tatu ni virusi vya rota, korona ya ng'ombe au kimelea kinaitwa kriptosporidia (kripto), na mara nyingi wanakuja wawili watatu kwa pamoja. Kwahiyo chanjo yako inawezekana ilikuwa nzima kabisa mkuu. Umemvalisha mtu koti la mvua halafu kaumwa na nyoka.

Zizi_Jipya:
Dah. Hilo la koti limeniingia. Kwahiyo nilinunua tu nikaona "chanjo ya ndama" nikachoma bila kuuliza chanjo ya nini.

Saba_Madume:
Dokta nakuelewa ila mimi miaka yote najua dang'a nyingi ndo inayoharisha ndama, ile kitu ni nzito sana, sisi tunampa kidogo kidogo. Halafu hata kama hiyo chanjo sio ya kuhara, kuchanja mapema kuna ubaya gani? si atakua akiwa nayo tayari mwilini, mimi sioni hasara.

DaktariWaZizi:
Swali zuri na la pili ndo watu wengi wanakwama.

Kwanza dang'a. Ndama aliyeshiba dang'a anatoa kinyesi cha njano, laini, kinanata mkiani, na bado anaruka na anataka kunyonya. Huo sio ugonjwa. Ugonjwa ni maji yanayoruka, macho kuingia ndani, masikio baridi, ngozi ya shingo ukiivuta inakaa imesimama hairudi, na hataki chupa. Ukimpa kidogo kidogo kwa kuogopa kuhara unamkosesha kile kitu ambacho kingezuia kuhara kwenyewe.

Pili. Ndama aliyepata dang'a vizuri ana kingamwili za mama zinazoelea kwenye damu, na hizi hazijui hiki ni kijidudu cha kweli na hiki ni chanjo. Ukimchoma, zinaikamata chanjo zinaimaliza kabla askari wa ndama mwenyewe hawajaiona. Darasa limefutwa kabla wanafunzi hawajafika. Halafu hizo za mama nazo hazikai, kila baada ya wiki mbili na nusu mpaka tatu ivi zinapungua nusu, kwahiyo ikifika miezi minne mitano zimeisha, na wewe umekaa unajua ndama wako kachanjwa kumbe hana cha mama wala cha sindano. Hasara ni hiyo, unalala usingizi ambao hujaustahili.

Na kuna pengo katikati. Kinga ya mama inashuka, ya ndama mwenyewe inapanda polepole, na kuna wiki ambapo zote mbili ziko chini, kuanzia kama wiki ya tatu na kuendelea kutegemea alipata dang'a kiasi gani. Ndo hapo nimonia zinaanza. Kinga yake inafika kama ya mkubwa akiwa na miezi mitano sita.

Sasa isiwe kama nasema ndama mdogo hachanjwi kabisa. Kuna chanjo za kupulizia puani za magonjwa ya njia ya hewa, hizo zinafanya kazi kwenye utando wa pua ambako kingamwili za mama kwenye damu haziingilii sana, na baadhi zimeruhusiwa hata kwa ndama wa siku chache. Na zipo sehemu zenye mlipuko ambapo tunachanja mapema makusudi, tukijua tutarudia. Neno ni KURUDIA. Chanjo ya mapema isihesabiwe kuwa ndo imekwisha.

Saba_Madume:
Kwahiyo ndama aliyepata dang'a nzuri chanjo inagoma na asiyepata anakufa kabla ya chanjo? hahaha mbona mtego huo

DaktariWaZizi:
Ndo ulivyo mkuu. Bora huo mtego wa kwanza maana unahitaji kalenda tu.

MamaMitamba:
Naomba niongezee kama mfugaji mwenzenu mimi sio dokta. Nilishapitia hayo ya Zizi_Jipya, mwaka mmoja nilipoteza ndama watano nikawa nabadilisha dawa kila wiki, mpaka siku moja mtaalamu akaniuliza swali lile lile, lita ngapi, nikabaki namtumbulia macho.

Mdogo wangu cha kwanza acha kumwachia ng'ombe akulelee dang'a. Akizaa kamua ndani ya masaa mawili, osha kiwele, chuchu futa zikauke, chombo safi. Ukichelewa dang'a inazidi kuwa nyepesi kwenye kiwele, na ng'ombe aliyekuwa anavuja maziwa siku kadhaa kabla ya kuzaa dang'a yake ishapotea chini. Usiamini macho, mimi nilikuwa nasema ikiwa nzito ya njano ni nzuri, nikanunua refraktomita ile ndogo ya kupima uzito wa dang'a kwa kipimo cha Brix, tone moja unaangalia kwenye mwanga, ikisoma 22 kwenda juu nampa ndama mlo wa kwanza, chini ya hapo inakuwa mlo wa pili na wa tatu. Nilishangaa kuna ng'ombe wangu anatoa ndoo nzima ya dang'a na ni mbovu kabisa, na mwingine anatoa lita tano tu imetulia 27. Wingi unachuja.

Ile nzuri inayobaki nagandisha. Vifuko vya lita moja moja nalaza bapa ili viyeyuke haraka, naandika tarehe na namba ya ng'ombe, friza ya kweli inakaa mpaka mwaka. Kwenye friji ya kawaida siku moja mbili tu. Kuyeyusha weka kifuko kwenye maji ya moto unayoweza kutia mkono ukavumilia, kama digrii 50 ivi, USICHEMSHE, nilichemsha mara ya kwanza ikawa kama yai la kukaanga, kingamwili zote kwaheri. Mpe ikiwa na joto la mwili. Na chukua ya ng'ombe wako mwenyewe mwenye afya, sio ya zizi la jirani usiyejua historia yake, unaweza kumnywesha ndama brusela au kifua kikuu kwa mkono wako.

Asiyejua kutumia ule mrija wa kupitisha kooni asijifunzie kwa ndama dhaifu usiku peke yake, ukiingia mapafuni umemzamisha. Afundishwe kwanza.

Ah na kitovu! Tinkcha ya iodini mara tu anapozaliwa na ukirudia jioni. Huo nao ni mlango.

Zizi_Jipya:
Shikamoo mama, nimeandika yote pembeni. Swali, hiyo ya kuhara yenyewe haina chanjo basi?

DaktariWaZizi:
Ipo ila anayechomwa ni mama yake. Chanjo ya rota, korona na E. koli K99 anapewa ng'ombe mwenye mimba miezi ya mwisho, nyingine dozi moja nyingine mbili, soma karatasi ya hiyo uliyopata maana wiki zinatofautiana. Mama anatengeneza kingamwili, zinaingia kwenye dang'a, ndama anazinywa. Kwahiyo ukimchanja mama halafu ndama akakosa dang'a umetupa hela na umemchoma ng'ombe bure. Na hapa kuna siri kidogo, hizi za kuhara zinafanya kazi pia zikiwa ndani ya utumbo, hazihitaji mlango kuwa wazi, kwahiyo maziwa ya siku za mwanzo ya huyo mama aliyechanjwa endelea kumpa ndama hata wiki mbili, usiyamwage. Kripto kwa ng'ombe wengi bado ni usafi, banda kavu na kutowachanganya wadogo na wakubwa.

Akishaanza kuhara ni maji na chumvi kwanza, wengi wanauliwa na ukavu kabla kijidudu hakijawaua. Maziwa usimnyime, mpe maziwa kama kawaida na ile chumvi ya kunywa katikati ya milo. Antibiotiki haziui rota jamani, tuache kumwaga antibiotiki kila ndama akijamba.

Huyo mzima: hesabu sindano uliyompa kama haipo. Chambavu aanze kwenye miezi mitatu ivi, na kama ni chanjo mfu, yaani ya kijidudu kilichouliwa, atarudiwa baada ya wiki nne mpaka sita, dozi ya kwanza peke yake inaamsha tu, ya pili ndo inajenga. Kinga haiji siku hiyo hiyo, hesabu wiki mbili tatu. Miguu na midomo na mapele ya ngozi kwa ndama ambaye mama yake kachanjwa ni kuanzia miezi minne mpaka sita, ambaye mama yake hajawahi kuchanjwa anaanza mapema zaidi kwa sababu hana cha kuingiliana. Chanjo ya brusela inayoitwa S19 ni kwa majike tu, wakiwa na miezi mitatu mpaka nane, dume hachomwi kabisa inaweza kumharibu korodani, na ni chanjo hai ambayo ukijichoma mwenyewe unaumwa ugonjwa wenyewe, kwahiyo hiyo mwachie mtaalamu wa mifugo wa eneo lako, ambaye pia ndo anajua magonjwa gani yapo hapo ulipo. Sio kila zizi linahitaji kila chanjo.

Huyo wa dripu muache kwanza apone na anenepe. Mnyama mgonjwa au mwenye njaa hachanjwi, mwili wake hauna nguvu ya kujifunza. Na usimchanje siku hiyo hiyo unayomkata pembe, kumwachisha maziwa na kumhamisha banda, watu wanapenda kumaliza kazi zote Jumamosi moja halafu wanasema chanjo imegoma.

Kiboko_ya_Kupe:
Mimi ndo nilisema feki, nakubali nimepigwa. Ila nikiri na yangu, mwaka juzi nilinunua chanjo nzuri kabisa nikaiweka kwenye friza kabisa nikijua baridi ikizidi ndo bora, ikaganda, nikaiyeyusha nikachoma ng'ombe wote. Baadae naambiwa zile mfu zikiganda zimekufa mara ya pili hahaha. Inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, sio chini sio juu. Na zile za unga ukishachanganya na maji yake unatumia ndani ya saa moja mawili, kivulini, na bomba usilisafishe kwa spiriti kama chanjo ni hai unaiua kabla haijaingia. Kwahiyo feki zingine tunazitengeneza wenyewe nyumbani.

DaktariWaZizi:
Hilo nilisahau, asante mkuu.

Kitu kingine Zizi_Jipya, akizaliwa mwingine mwite daktari achukue damu kidogo kati ya siku ya pili na ya saba. Protini ya seramu, yale maji ya damu, ikiwa gramu 5.2 kwa desilita kwenda juu dang'a imefika, ikiwa chini unajua mapema huyu ni wa kuangaliwa kwa jicho la tatu kabla hajaanza kuhara. Pima ndama kadhaa, utajua tatizo ni la ndama mmoja au ni la utaratibu wako wote wa usiku.

Zizi_Jipya:
Narudi na mrejesho. Wa tano kazaa usiku wa kuamkia leo, nililala bandani kabisa. Kitovu tayari. Nimekamua ndani ya nusu saa, refraktomita nimeazima kwa jirani, imesoma 19. Mama Mitamba ulisema nigandishe akiba lakini sina nzuri sana, ninayo lita nne tu ya yule ng'ombe mzee wa kiwele kirefu, yake ilisoma 25. Ndama kasimama anatafuta. Nimpe ipi?

MamaMitamba:
Ya mzee. Yeyusha zote nne sasa hivi, maji ya kuvumilia mkono, usiwe na haraka ukawasha jiko. Hiyo ya 19 iweke kwenye friji awe nayo jioni.

Zizi_Jipya:
Kamaliza lita tatu na nusu. Nusu lita aliyobakisha nimpe saa ngapi?

MamaMitamba:
Baada ya masaa mawili matatu mjaribu tena. Akikataa usimlazimishe, jioni umchanganyie. Na wewe kalale.